Somo la Saa Kumi na Nusu

Vinzenz amefika na mwavuli unaochuruzika.
Namwambia autie kwenye beseni, asinilowanishie zulia.
Ana miaka kumi na sita na sauti mbili:
moja inahama, nyingine haijapewa ufunguo.
"Tufumbe midomo, tuvume kwanza," nasema,
na Bwana Kratochwill wa ghorofa ya chini
anagonga dari yake kwa mpini wa fagio,
nje ya mdundo, kama ada yake.

Hii ndiyo kazi. Yuro thelathini na tano kwa saa,
ishirini kwa binti wa dereva wa tramu
ambaye hajui kwamba wenzake hulipa zaidi.
Jumatatu ni zamu ya daktari wa meno,
kutwa kufumbua vinywa vya watu
na chake hakitaki kufumbuka.
Jumatano, mjane kutoka Andritz:
mumewe alimnyamazisha miaka arobaini,
sasa anaimba kwa hasira, kila noti anaipita kidogo kwa juu,
nami simsahihishi.
Bado.

Juzi fomu ya kodi iliniuliza: kazi yako?
Kisanduku kimoja tu.
Niliandika mwimbaji, nikafuta,
nikaandika mwalimu, nikafuta,
karatasi ikatoboka.

Miaka ishirini na sita ya opera hapa Graz.
Nimekuwa mjakazi wa kwanza, nimekuwa mjakazi wa pili,
nimekuwa mama anayekata roho kabla ya mapumziko,
nimekuwa sauti kutoka nyuma ya pazia
isiyopewa hata gauni.
Malkia nimekuwa mara moja, mwezi uliopita, Linz,
kwa kuwa malkia wao alilala na homa.
Walinipigia saa saba mchana.
Saa nane nilikuwa kwenye treni, skafu mdomoni,
nikiimba chini kwa chini mpaka abiria wa mbele yangu
akaninyoshea kidonge cha kikohozi.
Nilikipokea. Kilikuwa cha limau.

Gauni lilikuwa la mwanamke mpana.
Wakalibana kwa pini, upesi upesi,
na moja, ya kushoto, ikakaa vibaya:
kila nilipovuta pumzi hadi chini
ilinidonoa ubavu.

Tendo la tatu. Ile noti ya juu,
ile ambayo ukumbi mzima huacha kukohoa ili kuingoja.
Koo likaanza kupanda kama ndoo kisimani,
ndipo nikasikia: *Mabega, Roswitha. Mabega.*
Haikuwa sauti ya marehemu Bibi Lackinger
aliyetuchapa magoti kwa rula.
Ilikuwa yangu mwenyewe, ile ya kila Jumanne,
ile ya yuro thelathini na tano,
yenye harufu ya chai ya tangawizi na zulia bichi.
Mganga hajigangi, husema watu.
Nikashusha mabega.
Noti ikaja yenyewe, kama paka asiyeitwa.

Makofi, ndiyo. Shada moja, lenye jina la yule mgonjwa.
Nililala hoteli iliyo juu ya duka la viatu,
nikarudi kwa treni ya alfajiri,
na chini ya mlango nikakuta karatasi ya daftari.
Ilikuwa Jumanne jana yake. Jumanne!
Nilimsahau mtoto wa watu.

*Nimekuja. Nimevuma peke yangu kwenye ngazi
nusu saa. Bwana Kratochwill hakugonga.*

Nilisoma nikiwa nimesimama, koti mwilini.
Kisha nikachemsha maji.

Tangu siku ile ananidai saa moja,
na hataki nimlipe, anasema ngazini kuna mwangwi mzuri.
Leo sauti imemvunjikia katikati ya kipande,
ametazama kiatu chake, masikio mekundu.
Simwambii itapita. Sijui itakapopita itamwachia nini.
Namgusa ubavu kwa ncha ya penseli.
"Hapa," namwambia. "Mabega yaache yalale.
Vuta pumzi kana kwamba una pini,
hapa, upande wa kushoto."